Tulikula Shaba, Tukaacha Jembe

Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanyakazi wa migodi na wakaaji wa mji, Lubumbashi



Tumeitwa leo kusema juu ya jambo ambalo wengine watasema si la siasa. Watauliza: chama chetu ni chama cha uhuru, kwa nini makarani wa mgodi waje kutufundisha habari za jembe? Makarani wenyewe mikono yao ni laini! Wandugu, ni kweli, mikono yetu ni laini. Ndiyo sababu ya kusema. Tunawaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwani hakuna siasa iliyo kubwa kuliko siasa ya chungu.

Tuanze na safari moja. Kiangazi kilichopita tulikuwa watu saba wa ofisi moja. Baba wa mwenzetu alifariki kijijini, upande wa barabara ya Kasenga, nasi tukapanda gari kwenda kumzika. Tulifika asubuhi. Wazee walitupokea vizuri, wakatupa maji, wakatuonyesha mahali pa kaburi. Kisha wakaketi kimya. Na sisi tukaketi. Tulikuwa tunawangoja vijana wa kijiji waje kuchimba. Nao wazee walikuwa wanatungoja sisi.

Vijana hawakuwapo. Mmoja alikuwa Kolwezi, wawili Likasi, mwingine anasukuma mkokoteni Kasumbalesa, mwingine hapa hapa mjini, hajulikani mtaa gani. Basi tukavua makoti, tukashika majembe. Ninyi mnajua ardhi ya kiangazi, ni ngumu kama tofali. Kabla kaburi halijafika magotini, viganja vyetu vilikuwa vimechubuka na damu inatoka. Mama mmoja mzee, mwenye mvi kichwa kizima, aliondoka mahali pake, akamnyang'anya mwenzetu jembe pasipo neno, akachimba. Wanawake wengine wakamfuata. Wanawake wazee ndio waliomaliza kaburi la yule mzee, na sisi wasomi saba tumesimama tunatazama, suruali zetu zina vumbi.

Jioni tukamwuliza yule mama: Mama, vijana wa kijiji hiki wako wapi? Akatujibu: "Mnatuuliza sisi? Vijana tuliowapeleka mjini ndio ninyi."

Wandugu, neno hilo lilitufuata njia nzima mpaka Lubumbashi. Ndilo lililotuleta hapa.

Wazee wetu walikula shaba namna gani?

Watu wengi wanafikiri kwamba shaba ya Katanga ilianza na Wazungu. Si hivyo. Miaka mamia kabla ya Mzungu kufika, Wasanga na watu wengine wa nchi hii walijua kuchimba mawe ya kijani, kuyayeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu, na kumimina misalaba ya shaba ambayo ilitembea mbali kama fedha. Kazi hiyo waliiita "kula shaba". Lakini sikilizeni vizuri walivyoila. Walingoja mtama uvunwe na kuwekwa ghalani. Kiangazi kilipoanza, karibu na mwezi wa tano, wakubwa wa kazi waliwaita watu, wakaenda mgodini pamoja na wake na watoto. Mvua za kwanza zilipokaribia, waliacha tanuru, wakarudi kulima.

Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na misimu miwili, mmoja wa shaba na mmoja wa shamba. Hawakuona haya kwa kazi yoyote katika hizo mbili. Mtu aliyemimina msalaba ndiye aliyepanda mtama. Shaba haikumla mkulima. Mkulima ndiye aliyeila shaba, tena akiwa ameshiba kwanza.

Kijiji kiliondolewa watu namna gani?

Mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika mahali hapa, na mji wa Élisabethville ukaanza. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilimimina shaba yake ya kwanza. Tanuru lilihitaji mikono, na mikono ilikuwa vijijini. Mwaka 1910 huo huo iliundwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kuandikisha watu kazini. Waandikishaji walizunguka vijiji, wakazungumza na machifu, na wanaume wakaondoka kwa mistari. Wengi hawakurudi, kwani katika kambi za zamani magonjwa yaliua sana.

Hata Wabelgiji wenyewe wakaogopa. Katika miaka ya 1920 serikali yao iliunda tume, ikataka kuweka mpaka wa idadi ya wanaume wanaoweza kutolewa kila kijiji, maana waliona vijiji vinakwisha. Mwisho wa miaka hiyo Union Minière ikachagua njia nyingine: mfanyakazi alete mke wake kambini, azae watoto kambini, watoto wasome kambini, wakue wawe wafanyakazi wa kesho. Mkataba wa miezi ukawa mkataba wa miaka. Hapo ndipo msimu wa shamba ulipokatwa. Tangu siku hiyo king'ora cha asubuhi kilikuwa kimoja, masika na kiangazi.

Na wale waliobaki kijijini, je, waliachwa walime kwa amani? Hapana. Sheria ya mwaka 1917 ililazimisha wanakijiji kulima mazao ambayo serikali imeyachagua, hasa pamba. Sheria ya 1933 iliruhusu siku 60 kwa mwaka za kazi hiyo. Aliyekataa alifungwa. Alionja fimbo. Bei ya pamba ilipangwa na mnunuzi. Kijana mwenye akili alitazama pande mbili: huku jembe, fimbo na senti chache, kule mgodi, posho, nguo na mshahara. Nani atamlaumu kwa kuchagua mgodi?

Tunasema haya kwa sababu tunasikia wakubwa wakisema kwamba vijana ni wavivu. Wandugu, si uvivu. Jembe lilitiwa aibu kwa makusudi. Gerezani mfungwa alilima. Katika shule ya mission tuliyosoma sisi, mtoto aliyechelewa au aliyesema lugha ya nyumbani darasani alipelekwa kulima shamba la mapadri. Aliyefanya vema alipewa kitabu, aliyefanya vibaya akapewa jembe. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970, ikaja Salongo, kazi ya kulazimishwa kwa amri ya Mobutu, na mara nyingine tena jembe likawa la amri. Hata tangu 2020, vijana wa Kinshasa wanaoitwa kuluna walikusanywa na kupelekwa Kaniama Kasese kufundishwa kilimo na ufundi. Pengine wengine wamepata faida, hatuwadharau. Lakini mtoto anayetazama anajifunza somo lile lile la zamani: shamba ni mahali pa kupeleka mkosaji.

Mkimwambia mtoto miaka mia kwamba jembe ni adhabu, msishangae akilikimbia.

Posho na mwisho wake

Sisi tuliozaliwa katika kambi za wafanyakazi tunakumbuka masimulizi ya baba zetu kuhusu posho. Kila juma unga, samaki, mafuta, maharagwe. Baada ya Union Minière kutaifishwa mwanzoni mwa 1967 na hatimaye kuwa Gécamines, desturi hiyo iliendelea. Kampuni ilikuwa baba na mama: shule yake, hospitali yake, unga wake. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Nani angefikiria muhogo?

Mwezi wa tisa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka chini ya ardhi. Fedha ya nchi ilikuwa imeharibika, mashine zimechakaa, na siasa ya Kinshasa imekula mali yote. Miaka michache baadaye shaba ya Gécamines ilikuwa imeshuka chini ya sehemu moja ya kumi ya ile ya zamani. Mishahara ikachelewa mwezi, kisha miezi mingi. Posho ikakatika. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, fedha zikatoka Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa bahasha ya mwisho. Wengi wao bahasha ile haikumaliza hata madeni.

Nani aliokoa nyumba siku zile? Tuseme kweli mbele ya mama zetu walioketi hapa. Ni wao. Walikwenda kando ya mto Lubumbashi, kando ya Kafubu na Naviundu, wakapanda lengalenga, matembele na kabichi. Walikodi vipande vya shamba nje ya mji, wakapanda mahindi na muhogo. Baba alikaa nyumbani na diploma yake ya fundi, akingoja king'ora kilie tena. Mama alitoka na jembe saa kumi na moja asubuhi. Watoto walikula, na wengine wakasoma mpaka shule ya sekondari. Sisi tunaosimama hapa na kalamu mfukoni, kalamu hiyo ilinunuliwa kwa sombe.

Lakini tulimshukuru mama namna gani? Mara migodi ilipofunguka tena, baada ya sheria mpya ya madini ya 2002, na makampuni ya kigeni yakaja, tuliandika barua za kuomba kazi, tukalisahau shamba lake. Sasa watu wamejenga nyumba juu ya vipande vile.

Shimo jipya

Leo nchi yetu inatoa shaba nyingi kuliko wakati wowote. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni tatu, na kati ya nchi zote za dunia ni moja tu au mbili zinazoweza kushindana nasi. Kobalti ndiyo usiseme, sehemu kubwa ya kobalti ya dunia yatoka kwetu na kwa ndugu zetu wa Lualaba. Je, watoto wetu wote wamepata kazi katika makampuni hayo? Ninyi mnajua jibu. Mashine moja leo hufanya kazi ya watu wengi wa zamani.

Kwa hiyo kijana anayetoka kijijini hapati mgodi wa baba yake, ule wa posho na hospitali. Anapata shimo. Anachimba kwa mkono, anabeba gunia mgongoni, anauza kwa bei ambayo mnunuzi ameipanga kwa mizani yake mwenyewe. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo huko Kolwezi, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wakaanza kuchimba sebuleni. Mwezi wa sita mwaka 2019 ardhi ilianguka juu ya wachimbaji huko Kolwezi, na zaidi ya 40 wakafa siku moja. Kila masika, mvua inapolainisha ardhi, tunasikia habari kama hizo tena.

Tazameni jambo hili la ajabu, wandugu. Mvua ile ile iliyomwita babu arudi shambani, leo inamfukia mjukuu shimoni. Mvua haijabadilika. Sisi ndio tuliobadilika.

Na haitoshi kusema kijana amefuata fedha. Wengine walifukuzwa. Upande wa Mitwaba, Manono na Pweto, ambako watu waliita pembetatu ya kifo, vita vya Mai-Mai viliunguza vijiji katika miaka ya 2000, na tena baada ya 2011. Maelfu na maelfu walikimbia. Mtu aliyekimbia risasi hawezi kuambiwa kwamba amedharau shamba. Wengine tena walikuta kwamba ardhi ya babu imeingia katika ramani ya kampuni, au mkubwa fulani wa mjini ameinunua kwa karatasi na kuizungushia waya, naye hajapanda hata mstari mmoja. Sheria ya 1973 ilisema ardhi ni mali ya Taifa. Mwenye karatasi akawa na nguvu kuliko mwenye kaburi la babu mahali pale.

Mtoto asiyejua mti

Kuna hasara nyingine, haina bei sokoni. Muulizeni mtoto wa Katuba au wa Kenya: masuku hutoka mti gani? Atasema: hutoka kwa mama muuzaji. Vinkubala hula majani gani kabla ya kuliwa na sisi? Hajui. Uyoga upi ni chakula na upi ni sumu? Hajui, tena hapa ujinga waweza kuua. Babu yake alijua kwamba ua fulani la buluu likiota peke yake juu ya kilima kisicho na miti, chini yake kuna shaba. Wataalamu walikuja baadaye na vitabu wakaandika kwamba ni kweli. Elimu ile haikuwa ya darasani, ilikuwa ya kutembea na mzee porini. Mzee akibaki peke yake kijijini, atatembea na nani?

Na pori lenyewe linakwisha. Mji wetu wa watu zaidi ya milioni mbili unapika kwa makala. Kila gunia la makala ni miti. Miti ikikatwa, vinkubala hawana mahali pa kukaa, nyuki wanahama, chemchemi zinapungua. Yule kijana aliyeshindwa kuishi kwa mahindi, kwa sababu barabara ni mbovu na bei ni mbaya, anakata mti, kwani makala hayaozi njiani. Kisha sisi wa mjini tunanunua na kulalamika kwamba jua limekuwa kali.

Ufunguo wa ghala uko wapi?

Sasa tumefika kwenye siasa tuliyowaahidi.

Tangu reli ilipofika mwaka 1910, mji huu umekula unga wa kusini. Mashamba ya Rhodesia yalilisha kambi za Katanga. Mwaka 1928 reli ilipounganishwa na Kasai, mahindi ya Lomami na ya Kasai nayo yakaja. Lakini reli hiyo imechakaa, na leo tunatazama tena kusini, Kasumbalesa. Malori yakipita, tunakula. Yakisimama, bei inapanda kabla ya jioni. Mwezi wa pili mwaka 2024 Zambia ilitangaza janga la taifa kwa sababu ya ukame. Ndugu zetu wa Zambia walikuwa na njaa yao, na mtu mwenye njaa hufunga ghala lake. Hatuwalaumu. Kila mama wa Lubumbashi anakumbuka alivyonunua unga kwa kipimo kidogo siku zile, na alivyopika bukari mara moja kwa siku.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1960 tulipata bendera. Lakini nchi yenye ardhi inayolimika ya hekta kama milioni 80, tena yenye mvua, kungoja mlango wa jirani ufunguliwe ndipo watoto wake wale, je, huo ni uhuru kamili? Mwenye kushika ufunguo wa ghala lako ndiye bwana wako, hata kama hataki kuwa bwana.

Sisi ni makarani, turuhusuni tufanye hesabu kidogo. Tuseme nyumba ya watu wanane inakula kilo tatu za unga kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 1,095, yaani kama tani moja. Shamba letu la mkono, pasipo mbolea, hutoa kama tani moja ya mahindi kwa hekta, na mara nyingi chini yake. Basi nyumba moja inahitaji kama hekta moja, na kidogo zaidi. Mji wa watu milioni mbili una nyumba kama hizo 250,000. Hekta 250,000! Inaonekana nyingi. Lakini gawanyeni hekta milioni 80 za nchi kwa idadi hiyo: ni sehemu moja tu katika 320. Ardhi ipo. Kinachokosekana ni mkono, barabara na heshima.

Tunataka nini?

Hatutaki kijana alazimishwe kurudi kijijini. Tumeona amri za jembe, zote zilizaa chuki. Wala hatutaki kuwadanganya kwamba kijijini ni paradiso. Kijijini hakuna daktari, mama hujifungua njiani, mwalimu hapati mshahara, na giza huingia saa kumi na mbili. Anayemwambia kijana arudi, naye mwenyewe analala penye umeme, ni mnafiki. Sisi pia tulikuwa wanafiki kwa miaka mingi.

Tunataka mambo haya, na tunawaomba mwayapeleke katika matawi yote ya chama.

La kwanza ni barabara. Mkulima wa upande wa Kasenga au Mitwaba hashindwi kuvuna, anashindwa kufikisha mavuno. Gunia linalooza njiani linamfundisha asipande tena.

La pili, fedha za madini ziende udongoni. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba katika ushuru wa mrabaha sehemu ya 15 kwa mia ni ya manispaa, sekta au uchifu ambao madini yametoka, na kwamba kampuni itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Hii si sadaka, ni sheria. Ulizeni kila mwaka: zimeingia ngapi, zimejenga nini? Tunataka ndani ya fedha hizo zionekane mashine za kusaga, maghala na mbegu, si gari la mkubwa peke yake. Wakati wa gavana Moïse Katumbi makampuni ya madini yaliagizwa kulima hekta 500 kila moja. Wengine walilima, wengine walilima mbele ya mpiga picha. Amri bila hesabu ya mwisho wa mwaka ni karatasi tu.

La tatu, ardhi iliyozungushiwa waya na kulala miaka pasipo kulimwa iangaliwe upya, nao wanakijiji wapewe karatasi ya ardhi yao kwa bei wanayoiweza.

La nne, shule. Shamba la shule liwe somo na faida kwa watoto, lisiwe adhabu tena. Mtoto aliyeshinda ndiye apewe mche wa kwanza wa kupanda. Tuna chuo kikuu mjini hapa chenye kitivo cha kilimo. Wanafunzi wake wafike vijijini, na wazee wa vijiji nao wapewe nafasi ya kuwafundisha yale wanayoyajua.

La tano linatuhusu sisi wenyewe, halihitaji serikali. Kila mwenye kazi anayenisikia aulize moyo wake: mara ya mwisho niliwapeleka watoto wangu kijijini lini, pasipo mazishi? Likizo ijayo wapelekeni. Wapande na bibi yao mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Wachubuke viganja. Wajue jina la mti mmoja, kisha la pili. Na mshahara ukitoka, sehemu ndogo iende kununua mbegu na mbolea kwa yule ndugu aliyebaki, si mwishoni kama zawadi ya msiba, bali mwanzoni kama mtaji wa watu wawili. Wafanyakazi kumi wakiungana, waweza kumpa kijana mmoja wa kijiji trekta ya kukodi kwa siku chache, na mavuno wakagawana kwa mkataba ulioandikwa. Sisi makarani tunajua kuandika mikataba. Hapo kalamu yetu itafaa.

Katika ofisi yetu tumeanza. Wale watu saba waliosimama kaburini wamekubaliana. Mwezi wa kumi tulituma mbegu na mbolea kwenye kijiji kile kile. Vijana wawili waliokuwa Likasi wamesikia, wamerudi kutazama. Hatujui kama watakaa. Mvua itatuambia, na bei ya mavuno itatuambia zaidi. Tukishindwa, tutakuja tena hapa kusema tulikosea wapi.

Wandugu, yule mama mzee bado yuko. Jembe lake liko mkononi. Siku atakapolala, nani atamchimbia? Na kabla ya siku hiyo, nani atajifunza kwake kupanda?

Wazee wetu walikula shaba, shaba haikuwala. Walijua siku ya kwenda mgodini na siku ya kurudi nyumbani. Na sisi tujue. Uhuru wenye bendera tulipewa mwaka 1960. Uhuru wa chungu hatutapewa na mtu, tutaupanda.

Uhuru na jembe!